Miwani ya Muthurwa na Miwani ya Kupimwa

Fundi wa nguo ndiye hujua kwanza. Mtu wa ofisi anaweza kujidanganya miaka miwili mitatu kwa kukuza maandishi kwenye skrini, na mhubiri anaweza kusoma aya anazozijua kwa moyo, lakini tundu la sindano halina huruma. Katika Soko la Uhuru jijini Nairobi, kando ya Jogoo Road, fundi aliyevuka miaka arobaini huanza kuinua uzi kuelekea kwenye mwanga, kisha hurudisha kichwa nyuma, kisha humwita kijana wa meza ya pili: "Hebu nitungie hii." Macho hayamuumi. Ya mbali anayaona vizuri, hata namba ya matatu iliyo ng'ambo ya barabara anaisoma. Ni ya karibu ndiyo yamemkimbia.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi hai. Utotoni ni laini, na msuli unaoizunguka huibadilisha umbo mara tu tunapotazama kitu cha karibu. Lenzi hiyo hukakamaa kidogo kidogo maisha yote, na inapofika miaka arobaini na kitu inakuwa imekaza kiasi kwamba msuli ukivuta, haijibu tena. Wataalamu huita hali hii presbiopia. Si ugonjwa, na haiachi mtu. Kule Kongwa, mkoani Dodoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta karibu asilimia 62 ya watu wa miaka 40 na zaidi wakiwa nayo, wanawake zaidi ya wanaume. Zanzibar, utafiti wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kati ya waliokuwa nayo, chini ya mmoja kwa kila watano ndiye aliyekuwa na miwani ya kumfaa.

Mitaa ya Eastlands imejaa kazi za karibu. Mama mboga wa Kayole anachambua ndengu. Fundi wa simu Kariobangi anachomelea nyaya nyembamba kama unywele. Wakala wa M-Pesa anaandika namba za vitambulisho kwenye daftari lenye mistari iliyobanana. Na hapo pana hasara ambayo haitajwi sana: mtu asiyeona skrini humpa mwingine simu amsomee ujumbe, siku nyingine humpa amwingizie na namba ya siri. Macho yanakwisha, na siri za pesa zinakwenda nayo.

Sasa, mtu huyu akishuka matatu pale Muthurwa, atakutana na dawa ya tatizo lake kabla hajavuka barabara. Mchuuzi amebeba ubao wa kadibodi uliochomekwa miwani safu kwa safu, kila moja na kibandiko kidogo kwenye kioo: +1.00, +1.50, +2.00, mpaka +3.50. "Mama, jaribu hii. Soma hapa." Hapo ni nyuma ya kalenda ya zamani, au karatasi ya dawa, au Biblia ndogo aliyoiweka kwa kazi hiyo. Mama anasoma, anatabasamu, wanapatana bei, na kwa shilingi mia mbili tatu hivi ameondoka na jozi. Hapo ndipo jirani yake aliyesoma humkemea: unaharibu macho yako, nenda ukapimwe!

Nani ana haki? Kwa kiasi kikubwa, mama na mchuuzi wake. Ila wana haki kwa tatizo moja tu, na sura hii inahusu mpaka wa tatizo hilo.

Kwanza historia, kwa sababu jirani yule anadhani mchuuzi ni mvamizi wa taaluma ya watu. Mambo ni kinyume. Miwani ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1306 mtawa Giordano da Pisa, akihubiri Florence, alisema sanaa hiyo ilikuwa haijatimiza miaka ishirini. Kwa zaidi ya miaka mia tano iliyofuata miwani iliuzwa kama inavyouzwa Muthurwa: mikononi mwa wachuuzi, kwa kujaribisha. Mwaka 1623 Mhispania Benito Daza de Valdés alichapisha kitabu chenye jedwali la kukadiria nguvu ya miwani kwa umri wa mvaaji, ili hata aliye mbali na duka aagize. Ubao wa herufi tunaoujua leo, ule wenye E kubwa juu, ulitoka kwa Herman Snellen mwaka 1862. Mwenzake wa Utrecht, Donders, alitoa kitabu chake kikubwa cha upimaji mwaka 1864. Kizio cha daiopta, ambacho ndicho hiyo +2.00 kwenye kibandiko, kilipendekezwa na Mfaransa Monoyer mwaka 1872. Katika biashara ya miwani, mpimaji ndiye mgeni.

Daiopta yenyewe ni hesabu nyepesi ambayo kila mnunuzi angepaswa kuijua. Gawa mita moja kwa namba ya lenzi, utapata umbali ambapo lenzi inakusanya mwanga wa jua. Ya +1.00 inakusanya kwa mita nzima, ya +2.00 kwa sentimita 50, ya +2.50 kwa sentimita 40. Kwa hiyo kibandiko kinaweza kukaguliwa. Siku ya jua, shika miwani juu ya sakafu, ipandishe na kuishusha mpaka kidoa cha mwanga kiwe kidogo na kikali kabisa, halafu pima kwa rula kutoka lenzi hadi sakafuni. Kama kibandiko kinasema +2.00 na kidoa kinakaza kwenye sentimita 30 na kitu, umeuziwa +3.00. Rudia kwa lenzi ya pili, zikitofautiana, irudishe. (Usifanyie juu ya karatasi kavu, na usilitazame jua lenyewe.)

Kuna kipimo cha pili kinachotaka mstari tu, kwa mfano ufito wa mlango. Utazame kupitia lenzi ukiwa umeishika mbali kidogo na uso, kisha izungushe taratibu kama usukani. Lenzi ya kawaida ya kusomea haitaubadilisha mstari. Ukiona kipande cha mstari kilicho ndani ya lenzi kinapinda na kujitenga na kilicho nje, lenzi hiyo ina kile wapimaji wanachokiita silinda, na miwani ya ubaoni haipaswi kuwa nayo.

Silinda ndiyo mpaka wa kwanza. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa watu wengi haiko duara kamili: imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kasoro ikiwa ndogo haisumbui. Ikiwa kubwa, herufi hupata kivuli au mkia kwa umbali wowote, na haisahihishwi ila kwa lenzi iliyokatwa kwa kipimo na kuelekezwa kwa pembe yake. Mchuuzi hawezi kuwa nayo. Angehitaji ubao wenye maelfu ya jozi.

Mpaka wa pili ni kutofautiana kwa macho. Miwani tayari, yaani hii ya ubaoni, huwa na namba ileile kulia na kushoto. Aliye na jicho la kulia zima na la kushoto dhaifu akijaribu pale Muthurwa atasoma vizuri kwa kutumia jicho moja na ubongo utanyamaza kuhusu la pili. Dawa yake ni rahisi mno na karibu hakuna anayeitumia: kabla ya kulipa, ziba jicho moja kwa kiganja, soma, ziba la pili, soma. Kama jicho moja halisomi, usihangaike kutafuta jozi nyingine ubaoni, nenda ukapimwe.

Mpaka wa tatu ni kitovu cha lenzi. Kila lenzi ina nukta ambapo mwanga hupita bila kupindishwa, na nukta hiyo inafaa kukaa mbele ya mboni. Kiwandani huwekwa kwa umbali wa wastani. Ukiwa na uso mpana au mwembamba kuliko wastani, unatazama pembeni ya kitovu, na lenzi inaanza kuvuta taswira upande. Mvuto huo hujulikana kwa kanuni ya Prentice: namba ya lenzi mara kosa kwa sentimita. Kwa +2.00 na kosa la milimita 2 unapata 0.4, kiasi ambacho macho hukimeza bila kulalamika. Kwa -6.00 na kosa la milimita 5 unapata 3 kwa kila jicho, na jioni kichwa kinagonga. Ndiyo maana miwani tayari inavumilika kwa namba ndogo na inatesa kwa namba kubwa.

Ndani ya mipaka hiyo inafanya kazi, na si kidogo. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha jaribio lililofanywa Assam, India, kwa wachuma chai 751 wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kusomea walichuma zaidi ya wenzao kwa karibu asilimia 22. Kisha mwaka 2024 yakaja matokeo ya Bangladesh: mafundi, washonaji na wengine wa kazi za mikono vijijini walipewa miwani tayari, na baada ya miezi minane kipato chao cha kati kilikuwa juu ya cha wasiopewa kwa theluthi moja. Hakuna aliyefundishwa ufundi mpya wala kupewa mtaji. Ndiyo sababu naona aibu kidogo ninaposikia wataalamu wakiizungumzia miwani ya mia mbili kama takataka. Shirika la Afya Duniani lilipozindua mpango wake wa SPECS 2030 mnamo Mei 2024, halikuidharau hata kidogo.

Na je, inaharibu macho? Hapana. Lenzi ya namba isiyofaa inaweza kukuumiza kichwa, kukuchosha, kukufanya ushike kitabu karibu mno. Ukiivua, jicho liko vilevile. Macho yanaendelea kudhoofika kwa umri hata ukivaa dhahabu, na mtu huona ni miwani iliyomdhoofisha kwa sababu ndiyo anayoiona mezani. Madhara halisi ni ya aina nyingine. Ya kwanza ni ngazi. Miwani ya kusomea hufifisha ya mbali, na ngazi za maghorofa ya Pipeline, zilizo nyembamba na zenye giza mchana, si mahali pa kuteremka nayo usoni. Wala usukani wa gari si mahali pake. Dereva asiyeona mbali anahitaji namba za kutoa, ambazo ubao wa kusomea hauna.

Madhara ya pili ndiyo yanayonifanya nisite kumuunga mkono mchuuzi moja kwa moja. Anakurudishia uwezo wa kusoma, na kwa hiyo anakuondolea sababu ya kwenda hospitali. Umri uleule unaoleta presbiopia ndio unaoleta glakoma, ugonjwa ambao kwa watu wenye asili ya Afrika huja mapema na kwa ukali zaidi. Mara nyingi unahusiana na shinikizo la maji ndani ya jicho, na hula mshipa wa kuonea kuanzia pembezoni, polepole, bila maumivu. Mgonjwa anaendelea kusoma Biblia yake vizuri kwa +2.00 huku uwanja wa macho ukifinyika. Kilichopotea hakirudi. Njia pekee ya kuujua mapema ni mtu kuchungulia ndani ya jicho na kupima shinikizo. Mwenye kisukari naye ana sababu yake: mishipa ya retina huvuja kimyakimya, na sukari ikipanda namba ya miwani yenyewe hubadilika kwa wiki kadhaa, hivyo akipimwa wakati huo hupewa miwani ya mtu asiye yeye.

Kwa hiyo mimi hugawa swali vipande viwili ambavyo maduka huvifunga pamoja. Kuna kipimo, na kuna kifaa. Kifaa kinaweza kuwa cha mia mbili. Kipimo ndicho cha kutoachwa. Aliyefika arobaini akapimwe macho kamili, mpaka nyuma ya jicho, hata kama anasoma vizuri. Walio upande huu wa jiji wana Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Ng'ambo kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu na hospitali ya Lions SightFirst kule Loresho, matatu mbili na nusu siku ya kazi kwenda na kurudi, jambo ambalo wanaowakemea wachuuzi huwa hawalihesabu.

Kwenye duka la miwani, tuseme Buruburu, mambo huenda hivi. Unawekwa mbele ya mashine, unatazama picha, inalia, inatoa kikaratasi. Wengi hudhani hicho ndicho kipimo kwa sababu kimeandikwa kompyuta. Ni makadirio ya kuanzia tu. Kipimo chenyewe ni kile cha polepole: lenzi zinabadilishwa moja baada ya nyingine mbele ya jicho lako, na mpimaji anauliza, "Hii na hii, ipi afadhali?" Duka linaloruka hatua hiyo na kukata lenzi kwa kikaratasi cha mashine linakuuzia miwani tayari kwa bei ya kupimwa.

Baadaye unapata karatasi. Ni mali yako, ulilipia, idai. Ina safu mbili, kulia na kushoto, na kwa kila jicho namba kuu, yenye alama ya kujumlisha au kutoa, kisha silinda na pembe yake, kisha nyongeza ya kusomea. Watu wengi hutoka bila namba moja muhimu: umbali kati ya mboni kwa milimita. Duka huipima, halafu huisahau kwenye karatasi, na bila hiyo huwezi kwenda kutengenezesha kwingine kwa bei nafuu. Sitaki kusema husahau kwa makusudi. Iulize tu kabla hujaondoka.

Karatasi hiyo ndiyo hukuambia kama unahitaji kifaa cha elfu kadhaa. Kama ya mbali ni sufuri au karibu yake pande zote, silinda ni sufuri au robo tu, na nyongeza ni ileile kwa macho yote, basi duka halina cha kukuuzia ambacho mchuuzi hana, isipokuwa fremu imara na kioo kisichokwaruzika haraka. Nunua jozi tatu za bei ndogo: moja ya cherehani, moja ya nyumbani, moja ya mkoba wa kanisani. Nyongeza hiyo huandikwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Mtu wa kompyuta, ambaye skrini yake iko mbali zaidi, huhitaji namba pungufu kidogo, na kwa kompyuta mtu wa +2.00 aghalabu hustarehe na +1.25 au +1.50.

Kama karatasi ina silinda kubwa, au macho hayalingani, au namba za kutoa, hapo usibane. Lipia lenzi. Unachoweza kukataa ni mapambo. Kila duka sasa lina lenzi ya kuzuia mwanga wa bluu, na muuzaji ana tochi ndogo ya kukuonyesha jinsi inavyouzuia. Inauzuia kweli. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta kuliko lenzi za kawaida. Kwa pesa hizo bora uongeze taa juu ya cherehani. Vivyo hivyo na mahema ya kupima macho bure yanayopigwa Jumamosi nje ya makanisa ya Umoja na Donholm: nenda, pimwa, chukua karatasi, shukuru, na usione haya kuondoka bila kuchagua fremu.

Kuna aina ya tatu ambayo haipaswi kuwepo kabisa katika hesabu: miwani iliyotumika, ya msaada au ya mitumba. Huvutia kwa sababu fremu ni nzuri. Lakini kila jozi ilikatwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa silinda yake na pembe yake. Utafiti wa mwaka 2012 ulikagua jozi 275 zilizochangwa ili zitumwe nchi maskini na kukuta ni asilimia 7 tu zilizofaa kutumika, na kwamba kuzisafisha, kuzipima na kuzituma kunagharimu zaidi ya kununua mpya za kawaida. Ukiipenda fremu ya Gikomba, inunue, ng'oa lenzi, ipeleke dukani na karatasi yako.

Watoto nimewaacha mwisho kwa sababu kwao karibu kila nililosema hugeuka. Mtoto hana presbiopia. Lenzi yake ni laini mno, na ndiyo shida: anaweza kuikaza na kumdanganya mpimaji, ndiyo maana hutiwa matone ya kulegeza msuli kabla ya kupimwa. Mtoto asiyeona ubao hasemi haoni, kwa kuwa hajawahi kuona vingine. Ananakili kwa jirani, anaitwa mvivu. Na jicho lililoachwa na ukungu tangu utotoni, hasa likiwa moja tu, ubongo huacha kulisikiliza. Miaka saba au minane ya kwanza ikipita, kulirudisha ni kazi ngumu. Ubao wa mchuuzi hauna nafasi hapa.

Lakini baada ya kupimwa, hata kwa mtoto miwani tayari haijafungiwa mlango. Nchini India, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilichukua wanafunzi wa miaka 11 hadi 15 ambao macho yao yalilingana na silinda yao ilikuwa ndogo, likawapa nusu miwani tayari na nusu ya kutengenezewa. Miezi michache baadaye waliokutwa wakiivaa walikuwa kama robo tatu katika kila kundi. Robo iliyobaki haikuivaa, na aina ya lenzi haikuleta tofauti.

Hapa kwetu, kule Trans Nzoia, shule 50 zilishirikishwa katika jaribio, walimu wa nusu ya shule hizo wakapewa simu zenye programu ya kupima macho, na kwa jumla wanafunzi zaidi ya 20,000 wakapimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika shule ambazo mzazi alionyeshwa picha ya jinsi mwanawe anavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, asilimia 54 ya waliokutwa na shida walifikishwa hospitali. Katika shule za utaratibu wa kawaida, zilizotumia ubao wa herufi na barua ya kupeleka nyumbani, ni asilimia 22.